Je, binti yangu aache fidla ahamie basuni ili apate chuo Marekani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Tunaishi Marekani, na binti yetu ana miaka 13, yuko darasa la 8. Anapiga fidla tangu akiwa na miaka 7. Mwalimu wake anasema ana sikio zuri, ingawa hajawahi kushika nafasi ya kwanza popote. Mzazi mwenzetu kwenye okestra ya vijana ametuambia tunapoteza muda: wapiga fidla wanaoomba vyuo vikubwa hawahesabiki, lakini wapiga basuni, ile ala ndefu ya kupuliza yenye sauti nzito, wanagombaniwa. Yeye wa kwake ameshamhamisha. Je, ni kweli ala adimu humfungulia mtoto mlango wa chuo? Na sisi tumhamishe?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na lile unalolisubiri: usimhamishe kwa ajili ya chuo. Mzazi mwenzenu hajasema uongo, ila amesema nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoamua. Ala adimu husaidia pale ambapo chuo fulani, mwaka fulani, kina kiti kitupu kwenye okestra yake, na mtoto anayeomba anaweza kukikalia kiti hicho bila kuwaangusha wenzake. Likikosekana moja kati ya hayo, jina la ala halimwongezei kitu. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza nikisoma maombi ya wanafunzi, na tangu hapo nimekuwa nikiwashauri wazazi. Swali lako nimelisikia kwa sura nyingi, na nina hamu ya kulijibu kwa kina kwa sababu anayebeba gharama ya jibu baya huwa ni mtoto.

Uvumi huu umetokana na hesabu ya okestra, na hesabu yenyewe ni ya kweli. Okestra kubwa ya simfoni kwa kawaida huwa na fidla za kwanza 16, fidla za pili 14, viola 12, selo 10 na besi kubwa 8. Basuni ni 2, mara nyingine 3 au 4. Okestra za vyuo nyingi ni ndogo kuliko hivyo, lakini uwiano haubadiliki sana. Sasa fidla zikipungua kutoka 30 hadi 24, watu wengi ukumbini hawatatambua. Basuni zikipungua kutoka 2 hadi 0, kiongozi wa okestra amekwama. Simfoni zote 9 za Beethoven zinataka basuni 2, na sehemu hizo huwezi kumkabidhi mpiga fidla. Ndiyo maana vyuo vidogo hulazimika mara kwa mara kumlipa mwanamuziki wa nje aje akalie kiti hicho kwenye mazoezi ya mwisho na usiku wa onyesho. Kiongozi anayeingia gharama hiyo kila muhula atafurahi kwelikweli akisikia kuna mwombaji anayepiga basuni vizuri.

Lakini hitaji hilo halidumu. Chuo kikipata wapiga basuni wawili wa mwaka wa kwanza Septemba hii, viti vimejaa kwa miaka minne. Binti yako akiomba mwaka unaofuata, amechelewa, na hakuna atakayemwambia. Chuo cha jirani huenda wote wawili wanahitimu Mei ileile na kiongozi anahangaika. Uhaba ninaouzungumzia ni wa chuo kimoja, mwaka mmoja, kiti kimoja. Anayemhamisha mtoto leo, akiwa darasa la 8, anabashiri hali ya viti vya watu wasiomjua miaka minne au mitano ijayo. Hakuna mshauri anayeweza kukupa ubashiri huo, hata yule anayetoza pesa nyingi.

Tukifika kwenye maombi yenyewe, jambo la kwanza ni alama za darasani na ugumu wa masomo aliyochagua. Muziki hauwezi kuziba pengo hapo. Katika vyuo vinavyodahili chini ya asilimia 10 ya waombaji, wengi wa wanaokataliwa wana alama zinazotosha kabisa kusoma pale, na hapo ndipo mambo mengine huanza kupimwa. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka hati ya takwimu iitwayo Common Data Set. Ifungue, nenda sehemu ya C7, utaona orodha ya vigezo na uzito chuo kinachodai kuvipa: muhimu sana, muhimu, huzingatiwa, au hakizingatiwi. Shughuli za nje ya darasa zina mstari wake na kipaji kina mstari wake. Soma mistari hiyo miwili kwa kila chuo mnachokifikiria. Kuna vyuo vikuu vikubwa vya serikali ambavyo kipaji hawakiangalii kabisa kwa mwanafunzi asiyeomba kusomea muziki, na kwa vyuo hivyo mjadala wa fidla na basuni unaishia hapo.

Kwa upande wa vyuo vinavyochagua sana, tuna dirisha la nadra. Harvard ilishtakiwa mwaka 2014 kuhusu udahili wake, na kesi ikasikilizwa Boston mwaka 2018 kabla ya kuamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2023. Ugomvi ulihusu rangi na asili ya waombaji, lakini katika usikilizaji ule watu waliona jinsi wasomaji wa maombi wanavyotoa alama. Walikuwa wakitumia kipimo cha 1 hadi 6, 1 ikiwa ndiyo bora, na mwombaji alipimwa katika masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo, na sifa zake binafsi. Angalia hapo, dada: michezo ilikuwa na safu yake peke yake. Muziki ulikaa ndani ya shughuli za nje ya darasa, pamoja na mdahalo, gazeti la shule na kazi za kujitolea.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Kocha wa michezo katika vyuo vya aina hii hupeleka majina ya vijana anaowataka, na majina hayo hushughulikiwa kwa utaratibu maalumu. Ukitaka kujua nguvu ya utaratibu huo, kumbuka kashfa iliyofichuliwa Machi 2019, wazazi matajiri walipokutwa wamewahonga makocha ili watoto wao waandikwe kama wanamichezo. Kiongozi wa okestra hana orodha ya namna hiyo katika vyuo vingi. Anaweza kuandika barua fupi kwa ofisi ya udahili, anaweza kusema mwaka huu nina shida ya basuni na obo, na ofisi inaweza kumsikiliza au kuliweka neno lake pembeni. Sauti yake inasikika zaidi kwenye chuo kidogo cha wanafunzi 2,000, ambako kila mtu anamjua mwenzake, kuliko kwenye chuo cha wanafunzi 40,000. Wazazi wengi huchanganya mambo haya mawili. Wanasikia habari za mtoto wa jirani aliyeingia kwa kupiga makasia, wanadhani basuni itafanya kazi ileile.

Kuna njia moja ambayo muziki hupenya vizuri, nayo ni rekodi. Vyuo vingi, Princeton na MIT vikiwemo, humruhusu mwombaji asiyetaka kusomea muziki apeleke rekodi za upigaji wake. Rekodi hiyo kwa kawaida husikilizwa na watu wa idara ya muziki, na wao ndio wanaoiambia ofisi ya udahili kama huyu ni mpigaji wa kweli au ni mtoto aliyejitahidi tu. Hapa ndipo ala adimu huwaponza watu. Profesa anayesikiliza basuni anajua basuni inavyopaswa kulia. Hashangazwi na jina lake. Noti za juu zikiyumba, pumzi ikikatika katikati ya sentensi ya muziki, anaandika hivyo hivyo alivyosikia. Mpiga fidla mzuri aliyekomaa humshinda mpiga basuni wa miaka mitatu ambaye bado anapigana na ala yake, na ninasema hivi nikijua kwamba fidla ni wengi. Vyuo vingine huonya waziwazi kwamba rekodi ipelekwe pale tu kipaji kinapokuwa kikubwa, kwa sababu rekodi ya kawaida humwonyesha msomaji kwamba jambo ambalo mwombaji analiona kuwa nguvu yake kuu ni la wastani.

Sitaki uelewe kwamba basuni ni chaguo baya. Ni ala nzuri mno, na umri wa miaka 13 si kuchelewa. Wapiga basuni wengi Marekani waliianza wakiwa na miaka 11 hadi 13, wakitokea kwenye klarineti, saksofoni au filimbi, kwa kuwa mikono ya mtoto mdogo haifiki. Bomba lake lote likinyooshwa lina urefu wa kama mita 2.5, matundu yamekaa mbalimbali, na kidole gumba cha kushoto peke yake hushughulikia vibonyezo visivyopungua 8. Sauti inatoka kwenye ulimi wa tete mbili zilizofungwa pamoja, na ulimi huo hukaa wiki chache tu kabla haujachoka. Kununua uliotengenezwa tayari ni kama dola 20 hadi 30 kila mmoja, ndiyo maana wanaojizatiti hujifunza kuzichonga wenyewe. Basuni mpya ya mwanafunzi ni maelfu ya dola, na zile za kiwango cha juu hupita dola 30,000. Habari njema ni kwamba shule nyingi za Marekani zina basuni kabatini na humwazima mwanafunzi anayekubali kujifunza. Walimu wa bendi hufurahi sana mtoto akijitokeza. Nikuambie pia jambo ambalo wazazi hulijua wakiwa wameshachelewa: basuni haiendi kwenye bendi ya gwaride. Msimu wa mpira wa Kimarekani ukianza, mpiga basuni huambiwa ashike matoazi au ajifunze ala nyingine. Kwa mtoto aliyezoea kukaa kwenye okestra ya nyuzi, ulimwengu wa bendi ni mpya kabisa, na anapaswa kujua anaingia wapi.

Sasa hesabu miaka. Binti yako ataomba vyuo majira ya vuli akiwa darasa la 12. Akianza basuni leo, atakuwa na miaka minne, pungufu kidogo. Kwa mwalimu mzuri wa faragha na mazoezi ya kila siku, miaka minne inatosha kumfikisha mbali, hasa kwa kuwa tayari anasoma noti na sikio lake limefunzwa. Wapo waliofanya hivyo. Lakini wale niliowaona wakifanikiwa walikuwa ni watoto ambao ala yenyewe iliwaita. Waliisikia mahali wakaomba wao. Wale waliopelekwa kwa hesabu za wazazi, wengi waliibeba hadi siku ya mwisho ya kutuma maombi, na baada ya hapo haikufunguliwa tena. Fikiria pia kinachoachwa nyuma: miaka sita ya fidla. Msomaji wa maombi anaona miaka hiyo sita imekatika ghafla darasa la 8, na anajiuliza kwa nini.

Kama nia yenu ni kumpa nafasi pana zaidi bila kumng'oa alipoota mizizi, kuna ala ambayo mzazi mwenzenu hakuitaja, nayo ni viola, inayofanana na fidla ila ni kubwa zaidi. Nyuzi za fidla ni G, D, A na E. Za viola ni C, G, D na A. Nyuzi tatu kati ya nne binti yako anazijua tayari. Mkono wa upinde ni ule ule kwa asili, ingawa upinde ni mzito kidogo na sauti inachelewa kutoka, hivyo inabidi aivute kwa uzito wa mkono na si kwa kasi. Kitakachomsumbua miezi ya kwanza ni ufunguo mpya wa noti, ule wa alto, pamoja na nafasi kati ya vidole, kwa sababu ala ni kubwa zaidi. Kutoka fidla kwenda viola ni suala la miezi hadi kupiga kwa heshima, wakati basuni ni miaka.

Na viola inahitajika. Kwarteti ya nyuzi, yaani kundi la wapigaji wanne, ina fidla mbili na viola moja, lakini watoto wanaojifunza fidla ni wengi kupita mara mbili ya wanaojifunza viola. Kila okestra ya vijana inajua tatizo hilo. Mtoto anayekaa nafasi ya 20 kwenye fidla huweza kujikuta akiongoza kundi la viola baada ya mwaka, na mtoto anayeongoza kundi hujifunza mambo ambayo aliyeketi nyuma hajifunzi: kupumua pamoja na wenzake, kuamua namna ya kuvuta upinde, kumwangalia kiongozi jicho kwa jicho. Hayo hujitokeza kwenye barua ya mwalimu wake na kwenye namna yeye mwenyewe anavyozungumza juu ya muziki. Wala hahitaji kuiacha fidla. Wapigaji wengi wazuri wanashika zote mbili maisha yao yote.

Tahadhari moja tu hapa. Ushauri wa viola umeenea, na vyuo vikubwa vinapokea rekodi nyingi za watoto wanaopiga viola kana kwamba ni fidla iliyoongezwa ukubwa. Sikio la profesa linawatambua mara moja. Viola ina sauti yake, nzito na ya ndani, na inapendwa na mtu anayependa kukaa katikati ya muziki badala ya juu yake. Mwekee binti yako rekodi za viola, mwazimie moja dukani kwa miezi mitatu, kisha umwache. Akianza kuichukua mwenyewe bila kuambiwa, umepata jibu. Akiirudisha kwenye sanduku, umepata jibu pia.

Nimezungumza kana kwamba lengo ni chuo cha kawaida chenye okestra. Kama siku moja atataka kuwa mwanamuziki wa kazi, mambo ni tofauti kabisa. Konsevatori, yaani chuo cha kufundisha wanamuziki wa kazi, humpima mwombaji kwa majaribio ya kupiga, na alama za darasani huja nyuma sana. Curtis ya Philadelphia, ambayo haitozi ada ya masomo tangu 1928, ni ndogo kiasi kwamba hupokea wanafunzi kwa kufuata nafasi zilizo wazi kwa kila ala. Hapo hoja ya kiti kitupu ni kanuni iliyo wazi. Lakini wapiga basuni wachache wanaokwenda Curtis kujaribu ni vijana waliokwisha kupiga kiwango cha juu sana, kwa hiyo uchache wao haumrahisishii mtu. Kwa anayetaka vyote viwili, Oberlin ya Ohio ina programu ya miaka mitano inayotoa shahada mbili, moja ya konsevatori na moja ya masomo mengine, na inabidi akubaliwe na pande zote mbili.

Kuna pia ala ambazo uhaba wake umefungamana na historia ya chuo fulani, na hizi ndizo zinazonifurahisha zaidi. Carnegie Mellon ya Pittsburgh, yenye jina la Andrew Carnegie aliyezaliwa Uskoti, ilianzisha mwaka 1990 shahada ya kupiga zumari la Kiskoti, lile la mfuko, ikawa ya kwanza Marekani kufanya hivyo. Wooster ya Ohio na Lyon ya Arkansas, vyuo vidogo vyenye mizizi ya Kiskoti, vimekuwa vikitoa ufadhili kwa wapiga zumari hilo. Kwa kijana anayelipiga, vyuo hivyo viwili au vitatu vinamtazama kwa jicho ambalo chuo kingine hakitamtazama. Lakini kwa chuo kisicho na kundi la zumari, ala ileile inakuwa tu jambo la kupendeza lililoandikwa kwenye fomu.

Kuna ala nyingine ambazo vyuo vyenyewe havitegemei mtu aje akizijua. Mnara wa Harkness pale Yale una karilioni ya kengele 54, na chama cha wanafunzi kinachoipiga huwafundisha wapya kila mwaka. Cornell wana kengele 21, na wanafunzi hushindana kila mwaka kupata nafasi ya kuzipiga. Anayetaka kujaribu anatakiwa kujua kusoma noti. Wesleyan ya Connecticut ina gamelani ya Kijava, ala za shaba zinazopigwa na kundi zima, na wanafunzi huingia bila kuwahi kuigusa. Ukiyatazama hayo utaona kwamba ugeni wa ala wenyewe hauwatishi wala hauwavuti. Wanachohitaji ni kijana mwenye sikio, anayejua kusoma noti na anayeheshimu mazoezi ya pamoja, na miaka sita ya fidla imeshampa binti yako mengi ya hayo.

Turudi kwake. Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi, ina nafasi 10 za shughuli, na kila moja ina herufi 150 tu za maelezo. Ni mistari miwili. Basuni haichukui mistari mingi kuliko fidla. Kitakachojaza mistari hiyo ni matendo: okestra gani, nafasi gani, saa ngapi kwa wiki, alifundisha nani, alicheza wapi, alipanga nini. Mtoto wa fidla aliyekusanya wenzake watatu wakapiga kwarteti kila mwezi kwenye nyumba ya wazee ana cha kuandika. Aliyebadilisha ala na kukaa nayo chumbani hana. Kwa hiyo katika miaka hii minne nguvu zenu ziende huko: okestra ya vijana ya kiwango cha juu kadiri anavyoweza kuingia, majaribio ya okestra ya jimbo zima, muziki wa makundi madogo, na kiangazi kimoja au viwili mahali ambapo atakaa na watoto wanaomzidi. Interlochen ya Michigan imekuwa ikipokea vijana kiangazi tangu 1928. Okestra ya taifa ya vijana inayoendeshwa na Carnegie Hall tangu 2013 haimtozi kijana anayechaguliwa, na ina tawi la wadogo, la miaka 14 hadi 17, liitwalo NYO2. Ushindani wake ni mkali, lakini kule kujiandaa kwa majaribio peke yake humkomaza mtoto kuliko masomo ya mwaka mzima.

Jambo la insha nalisema kwa ufupi. Insha kuu ina maneno yasiyozidi 650, na insha inayoeleza jinsi mwombaji alivyochagua ala isiyo ya kawaida ni ya kawaida mno. Binti yako aandike juu ya kitu chochote anachokifikiria kwa dhati.

Pesa ndipo mahali ambapo uhaba wa ala una nguvu kubwa kuliko kwingine kote, na watu hawapaongelei vya kutosha. Vyuo vya Ivy League, lile kundi la vyuo vya jina kubwa lenye Harvard, Yale, Princeton na Cornell, havitoi ufadhili wa kipaji. Msaada wao wote hufuata hali ya familia. Kwa hiyo huko, hata mpiga basuni wa ajabu hatapunguziwa hata dola moja kwa ajili ya basuni yake. Lakini vyuo vingi vya binafsi vya ukubwa wa kati, na vingine vya serikali, hutoa ufadhili wa muziki hata kwa anayesomea uhandisi au baiolojia, kwa sharti la kupiga kwenye okestra au bendi yao. Ufadhili huo mara nyingi uko mikononi mwa idara ya muziki, na idara hugawa kwa kuangalia viti vilivyo wazi. Hapa viola, besi kubwa, honi, tuba, obo na basuni hupata mara kwa mara kiasi kinachozidi kile cha fidla au filimbi, kwa wapigaji wa kiwango kimoja. Kama hali ya familia yenu inafanya ada kuwa jambo zito, basi sababu ya kufikiria viola ina uzito zaidi kuliko ile ya kuingia chuo chenye jina.

Mkifikia darasa la 11 na orodha ya vyuo ikianza kujitokeza, tafuteni programu za matamasha ya okestra za vyuo hivyo. Nyingi huwekwa wazi kwenye mtandao, na baadhi huandika majina ya wapigaji pamoja na mwaka watakaohitimu. Ndani ya dakika chache mtajua nani anaondoka lini, na kama kuna majina yasiyo ya wanafunzi yaliyoalikwa kujaza viti. Kisha binti yako amwandikie kiongozi wa okestra. Mistari michache yatosha: anapiga nini na kwa kiwango gani, anataka kusomea nini, na maswali matatu. Je, wanafunzi wasiosomea muziki hupata nafasi kwenye okestra kuu? Je, wanaweza kupata masomo ya faragha, na kwa malipo gani? Je, kuna ufadhili kwa wasiosomea muziki, na unaendelea au unakatika mwanafunzi akipumzika okestra kwa muhula mmoja? Aambatanishe rekodi moja fupi, iliyo bora. Aiandike barua hiyo mwenyewe, kwa maneno yake na kwa anwani yake, wewe na baba yake msiiguse. Viongozi wengi hujibu, na kutokana na jibu lenyewe, kama ni la mtu anayehitaji mpigaji au la mtu anayetimiza adabu tu, mtajua kiti kiko wazi au la.